Kompyuta iliyomsomea Kepher ilinyamaza, lawama akabebeshwa yeye

Saa mbili kasoro asubuhi, ukungu bado umelalia majani chai na stima imepotea tangu jana jioni. Kepher Oketch hana haja na taa. Ameketi kwenye kiti cha mbao ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, bamba la chuma limebana karatasi nzito mbele yake, na mkononi ameshika kijisumari chenye kishikio cha mbao.

"Soma," anasema.

Mwalimu Rebeccah, aliyeketi mkabala naye, anasoma sentensi moja kutoka kitabu cha sayansi cha Gredi ya Saba, kuhusu kazi ya mizizi. Kepher anainama na kuanza kutoboa. Tak. Tak tak. Anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa nukta zitokee juu na watoto wazisome kwa vidole. Hiyo ndiyo breli inayoandikwa kwa mkono.

Akikosea nukta moja katikati ya ukurasa, huisugua kwa ukucha hadi ilale. Akikosea nyingi, hutupa karatasi na kuanza upya.

Anasimama kidogo kunyoosha mgongo, kisha ananyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia ili mgeni, mwandishi wa habari hii, akiguse. Ncha yake imeota sugu.

"Hiki ndicho nilikuwa nasomea," anasema. "Sasa hakisikii kitu, ni kama kwato. Nimehamia kwa mkono wa kushoto. Huu nao ukiisha, sijui nitasomea nini."

Kepher ana umri wa miaka hamsini na miwili. Ndiye mtu pekee anayetayarisha vitabu vya breli katika kitengo hiki kidogo cha wanafunzi wasioona, kilicho ndani ya shule moja ya kutwa na bweni kwenye mpaka wa Kericho na Bomet. Shule hiyo iliomba isitajwe jina.

Hadi Septemba mwaka jana, kazi anayoifanya asubuhi hii kwa jasho ilifanywa na mashine wakati yeye akinywa chai.

*

Alizaliwa katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu ndani ya shamba la chai la kampuni, huko Kericho. Baba yake alitoka Nyakach huko Nyanza, kando ya ziwa, akaja kuchuma majani na hakurudi tena isipokuwa kwa mazishi. Kepher alikuwa mtoto wa kukimbia. Anakumbuka rangi ya majani chai baada ya mvua, na anakumbuka vizuri zaidi uso wa mama yake.

Surua ilimpata akiwa darasa la tatu. Alipopona homa, macho yalikuwa yameondoka nayo.

"Majirani walimwambia baba anirudishe nyumbani nikakae na nyanya," anasema. "Baba akakataa. Alisema kama ni kukaa, nitakaa na kitabu."

Padri mmoja alimtafutia nafasi katika shule ya wasioona, mbali na nyumbani. Huko alijifunza breli, kisha akajifunza kupiga taipu. Kijaluo alikuwa nacho cha mama, Kiswahili na Kiingereza akavipata darasani, na Kikipsigis alikuwa amekiokota kwa watoto aliocheza nao mpira wa makaratasi kabla ya surua. Lugha hizo nne ndizo zilizompa kazi hapa shuleni, ambako watoto wengi ni wa wakulima wadogo wa chai na ng'ombe wa maziwa.

Kompyuta ilikuja mwaka 2011, mchango wa wageni wa kanisa. Ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye feni iliyovuma. Pamoja nayo ilikuja printa nzito ya kutoboa nukta, na programu mbili: moja ya kugeuza maandishi kuwa breli, nyingine ya kusoma kwa sauti kila kilichokuwa kwenye skrini.

Sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke, Mzungu, na ilifunzwa Kiingereza tu. Kiswahili ilikisoma kwa kukigongagonga. Neno ng'ombe ililivunja vipande vipande hadi watoto wakashika mbavu. Kepher aliizoea pole pole kama mtu anavyomzoea mkwe mwenye kigugumizi, mpaka hakuna neno ililolipotosha ambalo yeye hakulielewa.

"Mke wangu alikuwa anasema ati nina bibi wa pili ofisini," anacheka. Kicheko hakidumu.

Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi na sauti hiyo. Alitayarisha vitabu vya hesabu pamoja na michoro yake, nyimbo za kanisa kwa Kikipsigis, hadithi za watoto, na mitihani ya majaribio. Mashine hiyo haikuunganishwa na intaneti hata siku moja. Haikuwa na sababu.

*

Mwaka jana ilikuja amri kutoka juu kwamba kompyuta zote za shule za eneo hilo ziwekwe mfumo mpya. Habari zilikuwa zimeenea kuwa mfumo wa zamani ungeacha kupewa ulinzi dhidi ya wadukuzi, na hakuna aliyetaka kuonekana amelala. Kazi ikapewa mwanakandarasi, naye akaajiri vijana wa kuzunguka shule hadi shule na flashi mfukoni.

Aliyefika kwa Kepher anaitwa Ongeri. Kila anayemkumbuka anasema alikuwa kijana mwenye heshima.

"Nilimwambia, kijana wangu, hii iache," anasimulia Kepher. "Haiingii mtandaoni. Nani ataidukua, panya? Akaniambia, mzee, ni agizo, mashine zote. Nikamwuliza, sauti yangu itabaki? Akasema itabaki."

Mfumo mpya ulikataa kuingia. Mashine ilikuwa ya zamani mno. Ongeri alitafuta njia, akaona kwamba mtengenezaji alikuwa ametoa, miaka mingi iliyopita, toleo jipya la ile programu ndogo iliyo ndani ya chipu ya kompyuta, ile inayoiamsha kabla ya kitu kingine chochote. Akaamua aanze na hiyo. Pengine baada ya hapo mfumo mpya ungekubali.

Aliianzisha. Skrini ikaandika kwamba kazi inaendelea, mashine isizimwe. Wakati huo huo akaitwa ofisi ya mwalimu mkuu, ambako printa aliyoigusa asubuhi ilikuwa imegoma. Akatoka mbio.

Kepher alikuwa bombani akinawa mikono. Aliporudi, watoto wa Gredi ya Tisa walikuwa wamekaa darasani wakisubiri karatasi ya majaribio ya hesabu aliyowaahidi. Akakaa kitini mwake, akabonyeza kibodi.

Kimya.

"Nilisikia feni tu," anasema. "Nikabonyeza tena. Nikaita, Ongeri! Hakuna mtu. Nikapapasa spika, nyaya ziko sawa. Sasa mimi najua hii mashine. Ikikwama inanyamaza hivyo, na dawa yake ni moja, unashikilia kitufe mpaka izime, halafu unaiwasha. Nimefanya hivyo mara nyingi sana."

Alishikilia kitufe. Feni ikafa. Alipoiwasha tena, feni ilizunguka kidogo ikakata, ikazunguka, ikakata. Ule mlio mfupi wa kuamka haukuja.

Ongeri aliingia mlangoni akihema. Mwalimu Rebeccah, aliyekuwa amefuata karatasi za darasa lake, alisikia yote.

"Mzee, umezima?" kijana aliuliza. "Si imeandikwa hapo kwa skrini, usizime!"

"Imeandikwa wapi?" Kepher akamwuliza.

Rebeccah anasema Ongeri alisimama pale akiangalia skrini nyeusi, kisha akamwangalia mzee, kisha akakaa juu ya boksi la karatasi na kushika kichwa.

*

Maxine, fundi wa kompyuta mjini Kericho ambaye baadaye aliifungua mashine hiyo, anasema ameona nyingi zilizokufa hivyo.

"Hiyo programu ya chipu ndiyo inaiambia kompyuta uko na kumbukumbu, uko na diski, uko na kibodi," anaeleza, akiwa ameshika bodi ya kijani kwa ncha za vidole. "Ukiwa unaiandika upya na uikatize katikati, mashine inaamka haijijui. Na huku kwetu si lazima mtu azime. Radi ikipiga, stima ikienda, imekwisha. Mimi siigusi bila betri ya akiba, na kwanza namwuliza mwenyewe, hii kompyuta inakusumbua na nini? Kama haimsumbui na haiendi mtandaoni, namwambia arudi nayo nyumbani."

Anaongeza jambo ambalo Kepher alitamani asingelisikia. Hata kama kazi ile ingekamilika salama, mfumo mpya ungeingia na sauti ingetoweka vilevile. Programu ile ya kusoma ilikuwa ya zamani sana kuweza kuishi ndani yake, na kampuni iliyoitengeneza ilifungwa.

"Kwa hivyo hata ningekaa mikono kifuani ningeipoteza," anasema Kepher. "Tofauti ni kwamba mkono uliozima ulikuwa wangu. Huo ndio waliuona."

Na waliuona kweli. Katika mkutano wa wazazi uliofuata, mwalimu mkuu alieleza kwamba mradi ulikwenda vizuri katika mashine zote, isipokuwa moja iliyozimwa na mtumiaji. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kwa kuwa kila mtu aligeuza shingo kuelekea kona aliyoketi Kepher, na yeye, asiyeona, aliwasikia wakigeuka.

Mzazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kama kazi imemshinda, arudi kwao Nyanza.

"Nilizaliwa kwa laini, hapa hapa," Kepher anasema taratibu. "Kitovu changu kiko chini ya majani chai. Huyo aliyesema hivyo, mimi ndiye nilifundisha mtoto wake kusoma."

Malipo yake, ambayo hayakuwahi kupita shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi, yalishushwa hadi elfu saba. Sababu aliyopewa ni kwamba kazi ya mashine haipo tena. Ya mkono, ambayo ni nzito mara nyingi zaidi, haikuhesabiwa kuwa kazi.

Kompyuta mpya ililetwa, ni kweli. Ni nyembamba na nyepesi, haina tundu la kuingiza waya wa printa ya nukta, na haikuja na sauti. Kepher aliishika mara moja siku ilipofika. Tangu hapo imekuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambaye alipoulizwa alisema inatunzwa huko kwa usalama wake.

Mkewe, Celine Aluoch, alichuma chai kwa miaka mingi hadi kampuni ilipoleta mashine za kuchuma na kuwapunguza watu. Siku hizi anauza omena na sukuma wiki karibu na geti la shamba.

"Mimi nilitolewa na mashine iliyofanya kazi," anasema Celine, akifukuza nzi kwenye omena. "Yeye ametolewa na mashine iliyokufa. Sasa wewe niambie tuombe gani."

*

Ongeri alipatikana kwa simu. Alisita, kisha akazungumza kwa muda mrefu. Alikuwa akilipwa kwa idadi ya kompyuta alizomaliza, na shule zilikuwa nyingi. Hakuwahi kufundishwa lolote kuhusu mashine zinazotumiwa na wasioona.

"Nilifaa kumwambia mtu asimame pale mlangoni," alisema. "Neno moja tu, mzee usiguse. Nilifikiria skrini imeshasema. Nilisahau imeambia nani." Alisema alimwandikia bosi wake kwamba kosa lilikuwa lake na si la mzee. Tangu wakati huo hajaitwa kazini. Halmashauri ya shule inasema haijapata habari hiyo.

Kepher hamlaani. "Yule mtoto alirudi hapa peke yake, kwa nauli yake, akanipa pole," anasema. "Wakubwa hakuna aliyerudi."

Aliyeumia zaidi, kwa maoni yake, hakuwa yeye. Ni Fancy, msichana wa mkulima wa chai kutoka upande wa Longisa, aliyekuwa Gredi ya Tisa mwaka jana na aliyependa hesabu kuliko chakula. Walimu wake walikuwa wameshaanza kumwita injinia.

Mashine ilikufa wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Karatasi zote za marudio zilizokuwa na michoro zilikuwa ndani yake, hazijachapishwa. Kepher alijaribu kuichora michoro kwa mkono, kwa uzi na gundi, akimaliza mmoja huku mingine ikimsubiri. Rebeccah alimsomea Fancy maswali yaliyobaki kwa mdomo.

Fancy, ambaye sasa yuko shule ya sekondari na alikutwa nyumbani wakati wa likizo, anazungumza akiwa amekunja mikono.

"Mwalimu alinisomea vizuri," anasema. "Lakini pembetatu utaisoma aje kwa mdomo? Hesabu haisikizwi. Inashikwa."

Mtihani wenyewe ulikuja kwa breli, michoro ikiwemo. Vidole vyake vilikuwa vimekaa siku nyingi bila kushika mchoro wa aina ile. Alipopata matokeo, alama za hesabu hazikumfikisha kwenye njia ya sayansi aliyoiomba. Amewekwa katika sayansi ya jamii.

"Si mbaya," anasema, kama mtu anayerudia alichoambiwa. Kisha anageuza uso kuelekea zizi ambako mama yake anakamua.

Kepher alipopata habari hiyo hakwenda kazini siku mbili. Celine anasema alikaa nje ya nyumba, akikataa chakula, akikunja na kukunjua kipande cha karatasi ya breli mpaka nukta zake zikalala zote.

*

Maxine aliitoa diski kwenye mashine iliyokufa na kuiunganisha na kompyuta yake. Haikuwa na hitilafu. Faili zote zilikuwamo, miaka kumi na minne ya kazi, na majina yake aliyasoma moja baada ya jingine. Lakini zilihifadhiwa kwa lugha ya ile programu ya breli peke yake, na programu yenyewe ilifungwa kwa ufunguo unaotambua bodi moja tu duniani, ile iliyokufa.

"Nikamwambia, mzee, naziona zote, ziko hapa," anasimulia Maxine. "Lakini hazifunguki."

"Nikamjibu, basi karibu," anasema Kepher. "Sasa unajua vile mimi nakaa na vitabu vyenu."

Kwa hiyo tumaini limebaki kwenye bodi hiyo hiyo. Maxine ana kifaa kidogo cha kubana chipu na kuiandika upya bila kuiwasha kompyuta. Anachokosa ni nakala salama ya kile kilichokuwa ndani ya chipu. Nakala hiyo inaweza kunakiliwa kutoka kwa mashine nyingine ya aina ile ile, ambayo haijawahi kuguswa.

Walitafuta Kericho, wakatafuta Litein na Sotik. Mashine za umri huo nyingi zimeuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mwezi uliopita Maxine akapata habari za mama mmoja anayeitwa Nyabate, aliyekuwa na saiba, duka la kulipia intaneti, katika soko la Chepilat kabla simu za mkononi hazijamfungisha. Kompyuta moja ya aina hiyo bado anayo. Ameiweka chini ya kaunta, na juu yake amepanga sabuni.

Wamekubaliana kwenda Jumamosi. Maxine haahidi kitu. Anasema bodi ikiamka, ufunguo utakubali, faili zitafunguka, na kazi ya kwanza itakuwa kuzitoa zote na kuziweka katika maandishi ya kawaida yanayosomwa na kompyuta yoyote, katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Isipoamka, Kepher ataendelea na kijisumari chake. Kwenye simu aliyonunuliwa na mwanawe ameanza kujifunza programu ya bure ya kusoma kwa sauti. Anasema inaongea haraka kama kondakta, lakini atailainisha.

Nje kengele inalia. Rebeccah anafunga kitabu cha sayansi, na Kepher anapapasa karatasi alizomaliza asubuhi hii ili azipeleke darasani. Kabla hajasimama, simu yake inalia. Ni Nyabate, kutoka Chepilat, na sauti yake inasikika chumba kizima. Anasema Jumamosi ni sawa, anawakaribisha. Kuna kijana wake anajua mambo ya kompyuta, na amejitolea kuipangusa ile mashine leo, aiwashe na kuiwekea vitu vipya ili wageni waikute nzuri.

Kepher anaruka kutoka kitini, karatasi zinamwagika sakafuni.

"Hapana, mama! Hapana, nakusihi," anasema, ameishika simu kwa mikono yote miwili. "Usimruhusu aiwashe. Asiipanguse hata vumbi. Mimi naitaka vile ilivyo, chafu, na sabuni zako juu yake. Mwambie kijana angoje. Nakuja."